Samaki wa kuachiwa: siku tatu ukingoni mwa Mto Mnyera

Simu iliniingia tukiwa katikati ya kikao cha kamati ya msikiti, tukihesabu michango ya ukarabati wa vyoo. Aliyepiga ni mkazamjomba, naye si mtu wa kupiga simu ovyo. Kwake salio huwekwa akiba kwa ajili ya misiba. Nikatoka nje kwa hofu. Baada ya salamu akaniambia kwa sauti ya chini: "Mwanangu, njoo uwaamue baba na mwana. Mjomba wako amekataa mabati."

Mabati yenyewe yalikuwa 30. Binamu yangu aliyanunua Ifakara kwa ujira wake, akayasafirisha kwa lori hadi kijijini, na mjomba akaamuru yasipandishwe juu ya nyumba yake. Yakaegemezwa kwenye shina la mwembe. Sababu aliyoitoa ni kwamba hiyo ni fedha ya kuwachezea samaki: kuwatoboa midomo, kuwapiga picha, kisha kuwarudisha mtoni. Fedha ya namna hiyo, alisema, haiwezi kumfunika yeye anaposali. Nami, kwa kuwa nimepitia chuo cha dini na ndiye mwandishi wa kumbukumbu za msikiti wetu, nikaonekana mtu wa kutoa hukumu. Ndugu msomaji, sikuwa na hukumu yoyote mkononi. Nilikuwa na likizo ya siku tano, na mvua zilikuwa zinakaribia.

Upande wa mama sisi ni Warufiji. Mjomba alizaliwa karibu na Utete, na alipokuwa kijana aliwafuata samaki kwenda juu, mwaka baada ya mwaka, mpaka akafika mahali ambapo mto bado haujaitwa Rufiji. Hata hivyo ni maji yaleyale. Mnyera hushuka kutoka nyanda za juu za Mufindi na Njombe. Ruhudji nao hushuka kutoka Njombe. Hukutana bondeni na kuwa Mto Kilombero. Kilombero hukutana na Luwegu, na kuanzia hapo ndipo maji hayo huitwa Rufiji hadi baharini. Zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji hutoka katika bonde hilo la Kilombero. Kwa hiyo mjomba hupenda kusema kwamba hakuhama kwao, amesogea tu ndani ya nyumba kutoka ukumbini kwenda jikoni.

Nilipanda treni ya TAZARA kutoka Dar es Salaam. Reli hii, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa msaada wa Wachina, ndiyo njia nzuri kuliko zote ya kuliona bonde hilo, kwa sababu hupita katikati ya nyika ya wanyama, kisha huambaa chini ya milima ya Udzungwa, mkono wa kulia ukuta wa msitu, mkono wa kushoto tambarare isiyo na mwisho. Suala la kusali ndani ya treni linahitaji makala yake peke yake. Kwetu kibla ni upande wa kaskazini, lakini reli hupinda, na mtu aliyehirimia akielekea dirishani huweza kujikuta katika rakaa ya pili akielekea mlangoni. Tulikuwa wanne tuliosali kwa jamaa katika kijia cha behewa, na muuza chai akasubiri na sinia lake mpaka tukatoa salamu. Allah amlipe kheri. Chai ilikuwa imepoa, nasi tukaipenda hivyohivyo.

Nilishuka Mlimba asubuhi. Kutoka hapo ni bodaboda, kwanza katikati ya mashamba ya mpunga yaliyokwisha kuvunwa, kisha katika njia ya mchanga inayopotea kila mara kwenye matete. Oktoba ni mwezi wa joto kali bondeni. Maji yamepungua, ardhi imepasuka, na moshi wa mashamba yanayochomwa hufanya jua lionekane kama sahani ya shaba. Bonde hili, lenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 8,000, limeorodheshwa tangu mwaka 2002 katika Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhi oevu, na ndimo waishimo sheshe, wale swala wa rangi ya dhahabu wapendao majani mabichi ya kando ya maji. Niliwaona wanane tu. Mwendesha bodaboda akasema zamani usingehesabu.

Mjomba nilimkuta chini ya mwembe, amekaa kwenye kigoda, anasuka mgono. Mabati yalikuwa nyuma ya mgongo wake, yanang'aa, kama kwamba hayapo.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Habari za mama yako?"

Tukazungumza habari za mama, za Utete, za bei ya mchele, za bwawa la umeme kule chini na kama samaki wataweza kulivuka. Hakuyataja mabati, wala mimi. Kwa msomaji asiyeujua mgono: ni mtego wa fito zilizosukwa mfano wa chupa kubwa, mdomo mpana unaoingia ndani ukipungua, kiasi kwamba samaki akishaingia hapati pa kutokea. Mjomba huwa nayo kumi na miwili, ameipanga kwenye vijito vya kando na kwenye kingo zenye matete. Nyavu aliziacha miaka mingi, alipochoka kuzishona baada ya kila mamba.

Usiku, baada ya Isha, ndipo aliposema. "Mimi nimeua samaki wengi kuliko watu wote wa kijiji hiki. Lakini kila mmoja alikuwa na sahani iliyokuwa inamngoja. Huyu mdogo wako anamvuta samaki kwa nusu saa, anamtoa pumzi, anamshika mkononi, Mzungu anacheka, halafu wanamwambia nenda. Aende wapi? Na mdomo ule?" Akanyamaza. Binamu yangu alikuwa ameketi kizingitini, akitazama nje. Hakumjibu baba yake, na kwa heshima ile nilijua kwamba jambo hili limekwisha kuzungumzwa mara nyingi.

Kabla ya safari nilikuwa nimempigia simu mwalimu wangu wa zamani. Alinikumbusha yale ambayo kila mwanafunzi wa fikihi anayajua: kuvua ni halali, na hata aliye katika ihramu, ambaye amezuiwa kuwinda wanyama wa nchi kavu, hakuzuiwa samaki, kwamba Mtume (s.a.w.) amekataza kiumbe chenye roho kufanywa shabaha, na kwamba wanavyuoni wengi wameuchukia uwindaji ambao hauna manufaa ila mchezo. Kisha akasema: "Lakini wewe nenda ukaone kwanza. Usihukumu kitu ulichosimuliwa na mtu aliyekasirika." Ndiyo sababu nilimwomba binamu anipeleke mtoni, naye akaniombea ruhusa kwa msimamizi wa kambi. Nikakubaliwa kukaa mbele ya boti, kwa sharti la kuvaa koti la kuokolea maisha na kutosimama.

Samaki anayewaleta wageni kutoka Afrika Kusini, Ulaya na Marekani hadi huku ni yule ambaye jamaa yake wa Ziwa Tanganyika huitwa kibebe. Wataalamu wameliita kabila lake Hydrocynus, maana yake mbwa wa maji, na atakayemtazama kinywani hatauliza kwa nini. Meno yake ni marefu, makali, yaliyopishana, nayo huonekana hata akiwa amefumba kinywa. Mwili ni wa fedha wenye mistari myeusi, mapezi yana wekundu au samawati. Yuko wa Kongo ambaye hufika kilo 50. Wa kwetu ni mdogo zaidi, lakini katika Mnyera na Ruhudji hupatikana wanaozidi kilo 9, na hao kwa mvuvi wa starehe ni kama tembo mwenye pembe ndefu. Mwaka 1986 mtaalamu wa makumbusho ya Uingereza, Bernice Brewster, alionesha kwamba wale wa mito ya mashariki mwa Tanzania, kama Rufiji na Ruvu, ni aina ya peke yake, akaipa jina la nchi yetu: Hydrocynus tanzaniae. Sidhani kama kuna mtoto wa shule hapa nchini aliyefundishwa hilo. Huko Afrika Kusini watafiti walithibitisha mwaka 2014 kwamba jamaa yake huruka juu ya maji na kumdaka mbayuwayu angali anaruka hewani.

Tuliondoka alfajiri, mara tu baada ya kusali. Boti ni ya bati jepesi, yenye injini nyuma. Lakini tulipofika penye samaki binamu aliizima, akachukua upondo, na tukawa tunateleza kimya. Sikujua kwamba Mnyera ni mzuri kiasi hicho. Wakati wa kiangazi maji yake ni maangavu, chini kuna mchanga mweupe, na kila pindo lina magogo yaliyozama, mikuyu na miti mingine iliyong'olewa na mafuriko ya mwaka uliopita. Furukombe walikuwa wanaitana kutoka ukingo hadi ukingo. Viboko walitoa pua, wakatuhesabu, wakazama. Binamu alijua kila familia ya viboko inalala wapi, na akawa anazunguka mbali nao bila kumweleza mgeni sababu.

Mgeni wetu alikuwa mzee wa Kiafrika Kusini, mwenye umri wa mjomba pengine, mwenye kofia iliyopauka na mikono yenye madoa ya jua. Alinisalimu kwa Kiswahili cha maneno matatu. Alipoambiwa kwamba mimi ni ndugu wa mwongozaji wake akasema, nami namtafsiri, kwamba binamu yangu ana macho ya furukombe.

Uvuvi wenyewe ni huu. Chambo si mdudu wala samaki mdogo, bali ni ndoana iliyofungwa manyoya, nywele za mnyama na nyuzi zinazometameta, mpaka ikafanana na dagaa. Vijana wa mto huiita flai. Haina uzito hata kidogo. Ukiitupa kama unavyotupa mshipi wenye risasi, itaangukia miguuni pako. Uzito uko kwenye mshipi wenyewe, ambao ni mnene kama kamba ya kiatu, na mvuvi huurusha nyuma na mbele kwa fimbo ndefu mpaka ujikunjue hewani kama mjeledi na kukichukua chambo hadi kando ya gogo. Kisha huuvuta kwa mkono, kwa vipande vifupi vifupi, ili dagaa yule wa manyoya aonekane anakimbia. Mwishoni kuna kipande cha waya, kwa sababu meno yale hukata uzi wa nailoni bila hata kusikika. Si ufundi mpya. Mwandishi wa Kirumi Aelian, aliyeishi zaidi ya miaka 1,700 iliyopita, ameeleza jinsi Wamakedonia walivyovua kwa sufu nyekundu na manyoya ya jogoo. Waingereza waliupeleka India wakati wa ukoloni.

Nilidhani kazi ya mwongozaji ni kuendesha boti. Nilikosea sana. Yeye ndiye anayejua kwamba samaki leo wamekaa upande wa kivuli kwa sababu jana maji yalishuka kwa upana wa vidole viwili. Yeye ndiye huchagua flai, hufunga fundo, hukagua waya kila baada ya samaki, humwonesha mgeni mahali ambapo yeye mgeni haoni kitu. "Saa tano, mzee, hatua kumi na tano, nyuma ya lile gogo jeupe." Na samaki anapopiga, yeye ndiye hupiga kelele: "Usinyanyue! Vuta!" Maana mtu yeyote hunyanyua fimbo kwa silika, na hilo ni kosa. Kinywa cha samaki huyu ni mfupa mtupu, ndoana haipenyi mpaka mshipi uvutwe kwa mkono, moja kwa moja, kwa nguvu.

Mgeni alinyanyua mara nne. Mara nne samaki akaruka, akatikisa kichwa mara moja, na flai ikarudi kutuangukia ndani ya boti. Nakiri kwamba mara ya tano, alipovuta ipasavyo na maji yakapasuka na kitu kirefu cha fedha kikasimama hewani kimo cha mtu, nilisimama. Nilisahau sharti. Binamu akanishika ukosi wa koti bila kunitazama.

Haikuchukua nusu saa, kama mjomba alivyosema. Kwa saa yangu ilikuwa dakika sita. Binamu alishuka majini, palipofika mapajani, baada ya kukagua pande zote kama kuna mamba. Kwanza aliloanisha mikono, kwa sababu mkono mkavu huondoa ute unaomlinda samaki. Akamshika penye kikonyo cha mkia, mkono mwingine chini ya tumbo, na kwa koleo akachomoa ndoana kwa mvuto mmoja. Nikafahamu kwa nini asubuhi alikuwa amekilaza kile kijino cha nyuma kinachozuia ndoana isitoke. Mgeni akapewa samaki amnyanyue kwa picha moja. Binamu alihesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, nne, tano, kisha akamrudisha majini mwenyewe, mgeni apende asipende. Akaendelea kumshika, kichwa kikielekea yanakotoka maji ili yapite mashavuni, mpaka mkia ukaanza kupiga. Alipomwachia hakukimbia. Alisimama kidogo kando ya mguu wa binamu, kama anayefikiri, halafu hakuwepo tena.

Siku ile walipatikana samaki kumi. Tisa niliwaona wakienda. Wa kumi ndiye habari yenyewe.

Alikuwa wa jioni, mkubwa kidogo, kilo tano au sita. Flai aliimeza yote, ndoana ikashika ndani kwenye mashavu, na alipofika kando ya boti maji yalikuwa mekundu. Binamu alikata waya kwa haraka, akamshika uso kwenye mkondo, akamshika, akamshika. Nilihesabu dakika kumi na mbili. Mgeni alikuwa ameweka fimbo chini na amevua kofia. Hakuna aliyesema neno. Mwisho binamu akamgeuza samaki, akamtazama jicho, akasema, "Innaa lillahi," kama mtu anayepokea habari ya jirani, na akamlaza ndani ya boti juu ya majani mabichi.

Msimamizi wa kambi aliruhusu achukuliwe nyumbani. Njiani nilimuuliza binamu hutokea mara ngapi. "Si mara nyingi, kaka. Lakini hutokea. Na kila ikitokea sipati usingizi, kwa sababu najua baba yuko sahihi juu ya yule mmoja." Halafu akasema jambo ambalo sikulitarajia. "Lakini kaka, kabla ya kambi kuja, unajua kipande hiki cha mto kilikuwaje? Watu walikuja usiku na utupa. Waliweka chandarua kutoka ukingo huu hadi ule. Samaki wa ukubwa wa kidole wakabebwa kwa magunia. Sasa katika kipande hiki hakuna anayethubutu, kwa sababu sisi tuko hapa kila siku na tunaona. Mvua zikijaza bonde, samaki hawa wanatoka, wanakwenda kutaga, wanasambaa. Wale wanaoingia kwenye migono ya baba, wanatoka wapi?"

Ni hoja nzito, na baadaye niliifuatilia. Kusini mwa India, katika Mto Cauvery, kulikuwa na kambi za kuvua na kuachia samaki mkubwa aitwaye mahseer. Wenyeji, baadhi yao majangili wa zamani, walikuwa wameajiriwa kuwa waongozaji na walinzi. Mwaka 2012 kambi hizo zikafungwa, kwa tafsiri kwamba sheria ya wanyamapori ya mwaka 1972 hairuhusu kuvua ndani ya hifadhi hata kwa kuachia. Wenye kuzitetea walisema kufungwa kwake kuliwaondoa watu waliokuwa wanautazama mto kila siku. Mwaka 2018 mahseer mwenye nundu wa mto huo alipewa rasmi jina lake la kisayansi, na mwaka huohuo akaingizwa katika orodha ya viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Kwa upande mwingine, huko Guyana, kijiji cha Rewa cha watu wa kabila la Wamakushi kina nyumba yake chenyewe ya wageni tangu mwaka 2005, na wageni huvua arapaima kwa flai na kumwachia. Vijana wa kijiji ndio waongozaji. Tofauti ya Rewa na kwetu ni moja, nayo ni kubwa: pale nyumba ni ya kijiji. Hapa kitalu ni cha kampuni, mgeni hulipa maelfu ya dola kwa juma moja, na binamu yangu hupata ujira wa kununua mabati 30 baada ya msimu mzima. Hili silikubali, na nilimwambia waziwazi kwamba kama mjomba angelikataa kwa sababu hiyo ningesimama upande wake. Binamu alicheka. "Baba hakuwahi kuniuliza wananilipa kiasi gani."

Juu ya samaki mwenyewe, rai yangu bado inagawanyika. Kumvua ili kumla siulizi. Kumvua ili kumwachia, kwa furaha ya anayevua, moyo wangu hauukubali mchezo huo, na nisingependa wanangu waufanye. Lakini yule mwongozaji si mvuvi. Yeye huendesha boti, humlinda mgeni na viboko, na katika kila dakika niliyomtazama alikuwa upande wa samaki: ndiye aliyelaza kijino cha ndoana, ndiye aliyehesabu hadi tano, ndiye aliyesimama majini penye mamba dakika kumi na mbili kwa ajili ya kiumbe ambacho hakina bei kwake kikifa au kikiishi. Ujira wa kazi ya namna hiyo siwezi kuuita haramu, na sikuuita. Mwalimu wangu nilipomsimulia alikaa kimya kwa muda, kisha akauliza huyo kijana ameoa.

Tulifika nyumbani Magharibi imeshaingia. Tukasali kwanza. Kisha binamu akamleta yule samaki, akamweka mbele ya baba yake juu ya jani la mgomba, akaeleza yaliyotokea bila kujitetea. Mjomba alimsogeza kwenye mwanga wa taa. Akaingiza kidole chini ya shavu, akaona lilipochanika. "Mlimngoja?"

"Nilimngoja, baba."

"Dakika kumi na mbili," nikasema mimi. "Nilikuwepo."

Mjomba akatoa kisu. Alimpasua samaki yule mwenyewe, kwa mikono ambayo haikuhitaji kutazama, na mkazamjomba akampika kwa nazi, akituonya kila mara juu ya miba, maana samaki huyu ana miba kama sindano za cherehani. Tulikula wote sinia moja. Nilipoona amekula na kushiba nikafikiri wakati umefika, nikaanza maneno niliyoyapanga tangu kwenye treni: kwamba wanavyuoni wametofautisha baina ya kitendo na msaada wa kitendo, na kwamba ujira huangaliwa...

"Mwanangu," mjomba akanikatiza, "hayo nimeyasikia redioni." Akanawa mikono taratibu. Akamgeukia mwanawe, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza siku ile kumtazama usoni. "Ile boti yenu. Asubuhi mnapokwenda, na jioni mnaporudi, mnapita pale penye pindo la mikuyu kwa injini. Mawimbi yanang'oa migono yangu. Mwezi uliopita nimepoteza mitatu. Nimekaa ukingoni nimenyanyua mkono, na wewe umeninyanyulia mkono wako, ukadhani nakusalimu."

Binamu alifungua kinywa, akakifunga. Nilimwona akirudi katika kumbukumbu yake, asubuhi moja baada ya nyingine, na baba yake ukingoni na mkono juu.

"Sikujua, baba. Nisamehe."

"Si wewe peke yako. Na yule wa boti ya pili."

"Nitamwambia. Kuanzia kesho tutazima injini kabla ya pindo, tutapita kwa upondo. Mgeni atangoja."

Mjomba hakujibu. Mkazamjomba alikuwa anakusanya vyombo polepole sana, kuliko vyombo vyenyewe vilivyohitaji. Nje, upande wa milima, kulimulika mara moja, kukafuata ngurumo ya mbali. Nyasi za paa juu yetu zilikuwa za misimu minne, na niliweza kuona nyota mbili kupitia kwenye tundu lililo juu ya mlango.

Mjomba naye alikuwa ametazama juu. Akaliegemea boriti, akakohoa.

"Misumari umenunua," akauliza, "au umeleta mabati matupu?"